Kuazima si Kukopa

Kiswahili kina vitenzi viwili mahali ambapo lugha nyingi zimeridhika na kimoja. Mtu hukopa fedha, hukopa mchele dukani, hukopa mafuta ya taa. Akavitumia vikaisha, kisha akalipa vingine mfano wake. Lakini mtu huazima ngazi, huazima mbuzi ya kukunia nazi, huazima joho la harusi, na anachotakiwa kukirejesha ni kile kile alichokichukua: ngazi ile ile, na mbuzi ile ile yenye meno yake. Mkopo huacha nyuma yake deni. Azima huacha nyuma yake amana. Hata mtoto wa pwani ambaye hajaanza chuo huijua tofauti hiyo, maana mama anapomtuma kwa jirani humtajia kitenzi kinachofaa, na jirani naye, akishakisikia kitenzi, hujua kama kitu chake kitarudi chenyewe au litarudi jina lake tu.

Methali nazo zimegawana kazi. Kukopa harusi, kulipa matanga: hapo panazungumzwa fedha na chakula, mambo yanayoliwa kwa shangwe na kulipwa kwa kilio. Kuazima kumewekewa methali yake, nayo ni kali: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Aliyevaa nguo ya watu hutembea kwa wasiwasi, kwa kuwa mwenyewe anaweza kuidai barabarani. Methali hii ni kweli kwa nguo, kwa kofia na kwa pete. Kwa kitabu haisimami. Kitabu mtu hukirudisha chote, ukurasa kwa ukurasa, na bado akabaki nacho. Aliyeazima utenzi akauhifadhi, hakuna wa kumvua njiani.

Maktaba ya umma imejengwa juu ya kitenzi cha pili. Kitabu cha maktaba huazimwa, na kinachosubiriwa ni kitabu chenyewe. Hata hivyo, kwa miaka mingi maktaba za nchi nyingi ziliishi na desturi iliyokigeuza kitenzi hicho bila kumwuliza mtu, nayo ni faini ya uchelewaji. Kitabu kikipita siku yake, senti huanza kuhesabiwa siku baada ya siku, na mwisho wake aliyekuja kuazima hujikuta amekopa. Kwa mtu mzima mwenye mshahara huu ni usumbufu mdogo. Kwa mtoto wa miaka saba ni suala la kimaadili ambalo wakubwa wake hawajalimaliza: mtoto akichelewa kurudisha kitabu, nani anamdai nani, na anamdai nini?

Suala hili lisingekuwa na uzito lau maktaba zingebaki nyumba za watu wazima, kama zilivyokuwa. Katika karne ya 19 maktaba nyingi za Marekani ziliweka mpaka wa umri, na mtoto aliyekuwa chini ya mpaka huo aliishia mlangoni. Miongoni mwa walioubomoa mpaka huo alikuwa Anne Carroll Moore, aliyeanza kuwahudumia watoto katika maktaba ya Pratt Institute, Brooklyn, mwaka 1896, kisha akakabidhiwa kazi hiyo katika Maktaba ya Umma ya New York mwaka 1906. Aliziondoa mbao zilizoamrisha kimya, akaweka saa ya hadithi. Na pamoja na hayo akaweka daftari kubwa. Mtoto aliyetaka kuazima aliandika jina lake humo kwa mkono wake, na kwa kuliandika akawa ameahidi kukitunza kitabu, maktabani na nyumbani. Kufikia mwaka 1913, vitabu vya watoto vilikuwa theluthi ya vitabu vyote vilivyoazimwa katika matawi ya maktaba hiyo. Daftari lile lastahili kutazamwa mara mbili. Mtoto hakuombwa rehani, wala hakuombwa mdhamini, aliombwa jina. Aliyeliweka daftari hilo alijua kwamba mtu anayejifunza kuandika jina lake hulithamini jina hilo kuliko benki inavyoithamini sahihi ya mfanyabiashara.

Mwaka 1921 maktaba hiyo hiyo ilimwajiri Pura Belpré, mzaliwa wa kisiwa cha Puerto Rico, ambaye baadaye alisimulia hadithi za kwao kwa Kihispania na kwa Kiingereza, na kuchezesha vikaragosi mbele ya watoto. Familia ambazo hazikuwahi kudhani kwamba nyumba ile ni yao ziliingia kwa kuwa zilisikia lugha yao ikitoka ndani. Mfasiri yeyote anajua thamani ya tendo hilo. Mlango unaweza kuwa wazi mwaka mzima na asiingie mtu, mpaka siku moja litokee neno linaloeleweka kizingitini.

Tangu hapo mlango umezidi kupanuka, na walioalikwa wamezidi kuwa wadogo. Mjini Birmingham, Uingereza, mwaka 1992, ulianzishwa mpango wa Bookstart kwa familia 300: mtoto mchanga alipewa kitabu kabla hajaota meno ya kukitafunia. (Baadaye hukitafuna. Ndiyo maana vitabu vya umri ule hutengenezwa kwa karatasi ngumu, na mkutubi mwenye hekima huihesabu alama ya jino kuwa usomaji.) Mjini Helsinki, tarehe 5 Desemba 2018, ilifunguliwa maktaba yenye cherehani, jiko, studio za muziki na uwanja wa watoto kutambaa katikati ya rafu, nayo ikaitwa Oodi, neno la Kifini lenye maana ya shairi la kusifu. Taifa limechagua kuipa nyumba ya vitabu na watoto jina la bahari ya ushairi. Watu wa visiwani watalielewa jambo hilo bila kufasiriwa.

Lakini katika yote hayo, hakuna lililo kubwa kuliko kengele ya Aarhus. Katika maktaba ya Dokk1 ya mji huo wa Denmark, iliyofunguliwa mwaka 2015, umening'inizwa mrija wa shaba wenye uzito wa tani zipatazo tatu, kazi ya msanii Kirstine Roepstorff. Mtoto anapozaliwa katika hospitali ya mji, wazazi wanaweza kubonyeza kitufe huko huko wodini, na mrija ule ukalia maktabani. Anayesoma gazeti huinua uso. Anayetafuta fomu ya makazi husita. Wote waliomo, wageni kwa wageni, wanajulishwa kwamba ameongezeka mtu. Kwetu pwani mtoto huadhiniwa sikioni, na adhana ile humwambia yeye aliyezaliwa. Kengele ya Aarhus huwaambia wengine. Inawaambia waliomo kwenye nyumba ya umma kwamba kuna mwenzao mpya ambaye vitabu vile ni vyake pia, ingawa hajafumbua macho.

Sasa mtoto huyo, aliyepigiwa kengele au hakupigiwa, akikua na kufika miaka sita katika mji mwingine mkubwa, huenda akafika kwenye meza ya kuazimia na kuambiwa kwamba kadi yake imefungwa. Katika Maktaba ya Umma ya Chicago, hadi mwaka 2019, kadi yenye faini ya dola 10 ilisimamishwa. Maktaba yenyewe ilipochunguza, iliona kwamba katika eneo lake la kusini, wanakoishi wengi wenye kipato kidogo, mwenye kadi mmoja kati ya watatu hakuweza kuazima. Katika eneo la kaskazini alikuwa mmoja kati ya sita. Na katika kadi zote zilizofungwa, moja kati ya tano ilikuwa ya mtoto aliye chini ya miaka 14. New York mpaka uliwekwa kwenye dola 15, na faini zilipofutwa mwezi Oktoba 2021, kadi zilizokuwa zimefungwa katika mifumo mitatu ya maktaba za jiji hilo zilikuwa kama 400,000.

Dola 10 au 15 si fedha ya kuvunja nyumba katika miji ile, atasema mtu. Ni kweli kwa nyumba nyingine. Ila hesabu inabadilika ikikumbukwa jinsi watoto wanavyoazima. Mtu mzima huazima kitabu kimoja akakaa nacho. Mtoto wa miaka minne huazima vitabu kumi kwa mkupuo, kwa kuwa kila kimoja kina kurasa ishirini na picha, na vyote kumi hukaribia kwisha jioni ile ile. Vikichelewa wiki moja, vimechelewa vyote. Hivyo mzazi anayemsomea mwanawe sana ndiye anayejiweka karibu zaidi na faini, na mzazi asiyemsomea kabisa yuko salama. Desturi yenye kumtoza mtu kwa kiasi cha wema wake inahitaji utetezi mzito kuliko ule wa kwamba imekuwepo siku zote.

Zaidi ya hayo, mtoto hamiliki sababu za kuchelewa kwake. Hana ufunguo, hana nauli, hajui tarehe. Hajapanga kwamba mama yake afanye kazi zamu ya usiku, wala kwamba wiki moja akalale kwa baba na wiki nyingine kwa bibi, kitabu kikabaki kwenye nyumba aliyotoka. Kadi ina jina lake, lakini uchelewaji si wake. Na adhabu inayomfikia si ya fedha, maana hana. Ni ya kunyimwa kitabu kingine. Mahakama gani ingekubali hukumu ya namna hiyo, mshitakiwa mmoja na mfungwa mwingine?

Wanaotetea faini si watu wabaya, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza husema samaki mkunje angali mbichi: mtoto asiyezoezwa kurejesha cha watu katika umri wa kitabu cha picha, atakuja kushindwa kurejesha makubwa. Wa pili, naye ana hoja nzito zaidi, humtaja mtu asiyeonekana. Nyuma ya kila kitabu kilichochelewa yuko msomaji anayekingoja. Naye pia ni mtoto, huenda naye ni maskini, huenda ni maskini kuliko aliyekishika, na hana kitabu kwa sababu mwenzake anacho chini ya kitanda. Kumhurumia anayechelewa ni rahisi, kwa kuwa amesimama mbele ya meza na machozi yanaonekana. Anayengoja yuko kwao. Haki isiyomkumbuka asiyekuwepo ni upendeleo uliovaa joho la huruma.

Hoja hii haijibiwi kwa kuipuuza. Inajibiwa kwa kuifuata hadi mwisho wake. Ikiwa aliyedhulumiwa ni yule anayengoja, basi fidia ni haki yake. Je, faini humfikia? Senti zinazolipwa mezani huingia katika kasha la maktaba au la manispaa. Mtoto aliyengoja wiki tatu hapati hata moja, wala wiki zake tatu hazirudi. Dawa ya deni kulipa, lakini hapa analipwa asiyedai, na anayedai hana habari. Na kasha lenyewe mara nyingine halinufaiki. Mjini San Diego walipopiga hesabu kabla ya kuziacha faini mwaka 2018, waliona kwamba kukusanya faini za dola 675,000 kwa mwaka kunawagharimu zaidi ya dola milioni moja kwa muda wa wafanyakazi.

Wanavyuoni wa fikihi walilishughulikia jambo hili zamani, nao walilitazama kwa jicho lile lile la vitenzi. Kumpa mtu kitu akitumie bure kisha akirudishe ni ariya. Kumpa fedha au nafaka alipe mfano wake ni karadha. Kumpa kitu akitumie kwa malipo ya siku au ya mwezi ni ijara, yaani kukodisha. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa Waislamu wa pwani hii, mwenye kuazima hukidhamini kitu: kikipotea au kikiharibika nje ya matumizi aliyoruhusiwa, hulipa thamani yake; kikichakaa kwa matumizi yale yale aliyoruhusiwa, hana dhima. Wahanafi wamelegeza zaidi, wakakihesabu kitu cha kuazima kuwa amana mkononi mwake, asilipe ila akizembea au akivuka mpaka. Ni kweli kwamba mwenye kitu akikidai na mwazimaji akakizuia kwa makusudi, hukumu hugeuka na kuwa ya mporaji, na malipo ya muda huweza kumpata. Lakini kitabu kilichosahauliwa katika mfuko wa shule hakijaporwa na mtu. Na malipo yanayohesabiwa kwa siku, yakianza yenyewe bila kumwuliza mtu nia yake wala udhuru wake, yana sura ya ijara zaidi kuliko ya adhabu. Maktaba inayotoza senti kadhaa kwa siku imekuwa inakodisha vitabu, ila inaanza kuhesabu kodi kwa kuchelewa.

Haya waliyoyajua mafakihi kwa kuchambua maneno, wachumi wawili waliyafikia kwa njia nyingine. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha mwaka 2000 matokeo ya jaribio lililofanywa katika vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto jioni, na walezi wakilazimika kuwangoja. Vituo sita vikaweka faini ndogo kwa kila kuchelewa. Uchelewaji ukaongezeka, ukakaribia kuwa maradufu. Mzazi ambaye jana alikimbia akitweta kwa kumwonea haya mlezi, leo alitembea taratibu, kwa kuwa dakika zile amezinunua. Na faini ilipoondolewa, mambo hayakurudi yalivyokuwa. Haya iliyouzwa haikurudi kwa mwenyewe. Kituo cha kulelea watoto si maktaba, na haifai kuubebesha utafiti mmoja mzigo wa dunia nzima. Lakini jawabu lake kwa wale wa samaki mkunje angali mbichi ni zito: huenda faini haimfundishi mtoto kurejesha. Huenda inamfundisha kwamba kutorejesha kuna bei.

Hiyo ni kwa mwenye nazo. Kwa asiye nazo faini hufanya kazi nyingine kabisa, na hii watu wa mitaa ya pwani hawahitaji kusomewa. Mwenye deni la dukani hubadili njia. Nyumba yake iko hatua ishirini kutoka dukani, lakini atazunguka uchochoro wa nyuma, apite msikitini, atokee upande wa pili, asionane na muuzaji. Si kwamba amekusudia kudhulumu, anasubiri apate. Na kadiri anavyosubiri, ndivyo inavyokuwa vigumu zaidi kupita. Mzazi mwenye kadi iliyofungwa huizunguka maktaba vivyo hivyo, na mkononi amemshika mtoto. Kwa hiyo mtoto huyo hapotezi kitabu kimoja tu. Hupoteza saa ya hadithi ya Jumamosi, hupoteza meza ya kuchorea, hupoteza mahali penye joto wakati wa baridi. Na kitabu alichonacho hubaki kwao, kwa kuwa kukirudisha ni kwenda kuonana na mdai. Yule mtoto wa pili, anayengoja, ataendelea kungoja.

Yaliyotokea baada ya faini kuondolewa yaliwashangaza wengi, ingawa hayakupaswa. Ireland ilizifuta katika maktaba zake zote za umma kuanzia Januari 2019. Mwezi huo huo Chama cha Maktaba cha Marekani kilipitisha azimio la kuzitambua faini kuwa aina ya ukosefu wa usawa katika jamii. Chicago ikafuata Oktoba 2019, na maktaba ikatangaza kwamba katika wiki tatu za mwanzo urejeshaji ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 240. Vitabu vilivyozuiwa na faini vilirudi faini ilipoondoka. Dhima haikufutwa, na hili linapasa kusemwa kwa uwazi, kwa kuwa wapinzani hulipita haraka: kitabu kisichorudi kabisa huhesabiwa kimepotea, na aliyekichukua hudaiwa kitabu au thamani yake, akikileta, deni linakwisha. Bila kujua, miji ile imeiacha ijara na kurudi kwenye ariya.

Bado halijajibiwa swali la yule anayengoja. Faini imeondoka, nini kinamfanya mtu arudishe kwa wakati? Ongezeko la wiki tatu si tabia ya miaka thelathini. Amana, kama kila amana, inahitaji kitu cha kuishikilia.

Huko Lamu, katika hazina ya vitabu ya Msikiti wa Riyadha, ambayo miswada yake imepigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali chini ya mradi wa British Library wa nyaraka zilizo hatarini, vimo vitabu vilivyoandikwa maneno ya wakfu. Kitabu cha wakfu hakiuzwi, hakirithiwi, na mwenye kukishika leo anakishika kwa niaba ya atakayekishika kesho. Vitabu vile vimepita mikononi mwa watu wengi na bado vipo. Lakini isisahauliwe kwamba vilikaa katika mji ambao kila mtu alijua fulani ni mtoto wa nani na anasoma kwa sheikh gani. Kitabu kilichokawia kiliulizwa kwa salamu: mwenye kukishika akikutana na mwalimu njiani, aliulizwa hali ya mama yake, kisha hali ya kitabu. Swali hilo la pili halikuwa na senti ndani yake, na halikukwepeka.

Jiji la watu milioni nane halina salamu hiyo. Mkutubi hamjui anayeazima, naye anayeazima hamjui anayemngoja. Na pengine faini ilikuwa namna ya kujazia pengo hilo, kifaa cha kuwasimamia watu wasiojuana. Ikiwa ndivyo, basi mtu akitaka kuiondoa faini na amana ibaki, sharti kwanza awajulishe watu. Na hapa ndipo zile shughuli za familia, ambazo baadhi ya wapenda vitabu huzibeza, zinapoonekana kwa sura nyingine. Kuna wanaolalamika kwamba maktaba siku hizi imekuwa uwanja wa michezo: watoto wanaimba, mama wamekaa chini, baba anashona zulia kwa cherehani ya serikali, na msomaji wa kweli hana pa kutulia. Malalamiko yao yana ukweli kidogo, na kila maktaba nzuri hubakiza chumba cha kimya kwa ajili yao. Ila hawajaona kazi inayofanywa na kelele ile. Mtoto anayekuja kila Jumamosi kwenye saa ya hadithi anajulikana kwa jina. Mama yake anawajua mama wengine watatu. Kitabu cha simba alichokiazima wiki iliyopita, mwenziwe aliyeketi pembeni yake kwenye jamvi alikitaka, tena alikililia. Kwa mara ya kwanza, anayengoja ana sura. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuelewa tarehe iliyopigwa muhuri, lakini anaelewa vizuri sana kwamba kitabu cha simba ni zamu ya fulani.

Jambo hili haliji lenyewe. Linataka mkutubi anayekaa mahali pamoja miaka ya kutosha kuyajua majina, na halmashauri nyingi hupunguza wakutubi kwanza pale fedha zinapopungua, zikabakiza jengo na mashine ya kuazimia ambayo mtu huihudumia mwenyewe bila kusemeshwa. Maktaba ya namna hiyo inaweza kufuta faini zote ikaita huruma, na bado ikawa haina mtu wa kumwuliza mtoto kama sungura wa kitabuni alifika kwao. Itakuwa imesamehe watu isiowajua. Msamaha wa aina hiyo ni mwepesi mno. Unafanana na kusahau.

New York, faini zilipofutwa, vitabu vilianza kurudi kwa maelfu, vingine vikiwa vimekaa nje miaka na miaka. Baadhi vilikuja kwa posta. Na ndani ya baadhi ya vifurushi mlikuwa na barua za kuomba radhi. Waandishi wake hawakudaiwa kitu tena; tangazo lilikuwa limeshatoka, na kitabu kingeweza kuachwa kwenye sanduku la kurejeshea usiku, pasipo jina wala neno. Waliandika hata hivyo. Aliyeifungua bahasha alikuwa mkutubi, pengine mgeni kazini, ambaye hakuwepo kitabu kilipotoka, na hakuwahi kukingoja.